Dawa ya Mbwa Kwenye Chupa ya Soda: Historia ya Sheria za Dawa za Wanyama

  Leo huenda ukajiuliza muuguzi wa jamii ana kazi gani na dawa za mbwa na paka. Subiri kidogo, nitakueleza.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya mchana. Bibi mmoja akaingia na mjukuu wake mgongoni, mtoto wa miaka minne hivi, kutoka bara ya Msambweni. Mtoto alikuwa mzito kama aliyelala usingizi wa usiku, mapigo ya moyo yako chini, pumzi inakuja polepole. Bibi alikuwa na akili: alikuja na chupa. Ilikuwa chupa ya soda ya plastiki, na ndani mlikuwa na maji meupe kama maziwa yaliyochujwa, yananuka mafuta. "Ni dawa ya mbwa, mwanangu," akaniambia. "Dawa gani, bibi?" "Ya mbwa. Ya kupe."

Huo ndio ujuzi wote tuliokuwa nao. Msikilizaji, dawa za kupe ziko za aina nyingi. Kuna zile za jamii ya fosforasi, ambazo humfanya mtu atokwe na mate na jasho na mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, nazo zina dawa yake ya kuzipinga. Kuna amitrazi, ambayo humlaza mtu na kupunguza mapigo ya moyo, nayo haina dawa maalum ya kuipinga. Unamsaidia mgonjwa apumue na kumchunga hadi itoke mwilini. Kuna nyingine za kundi la pareto. Kila moja ina njia yake ya kutibiwa. Na chupa ile ilikuwa na picha ya soda ya machungwa tu, hakuna neno jingine. Tulimpeleka mtoto hospitali kubwa tukiwa tunakisia.

Nilikuwa na hasira siku ile, na hasira ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza: je, hakuna sheria? Nikaambiwa ipo. Tena si ya jana.

Tuanze mbali kidogo. Wazee wetu wa Kidigo na Kiduruma walikuwa na dawa za mifugo kabla ya serikali yoyote kuja na vitabu. Mganga aliijua mizizi yake na majani yake, akampimia ng'ombe wa fulani kwa ugonjwa wa fulani. Hiyo, ukiiangalia vizuri, ndiyo dawa ya kutengenezewa mgonjwa mmoja. Ubaya wake ni kwamba elimu ilikaa kichwani mwa mtu mmoja. Akifa, au akikosea, hakuna pa kuuliza. Lakini aliyeitoa dawa alijulikana kwa jina, na alikaa kijiji kile kile. Ukitaka kumuuliza, unakwenda kwake.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kumaliza ng'ombe nchi baada ya nchi. Serikali ya kikoloni ilipokuja, ilijali sana mifugo ya walowezi, na mwaka 1910 maabara ya utafiti wa magonjwa ya wanyama ikaanzishwa Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1912 ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukathibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, kwa mbwa. Toka hapo mbwa akaingia kwenye sheria: tunayo Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inayozungumza juu ya kufunga mbwa, kuchanja na kutoa habari. Ilikuja pia Sheria ya Kuosha Ng'ombe, Sura ya 358, ya majosho. Kumbuka majosho ya zamani yalitiwa aseniki, sumu ile ile inayoua watu kwenye hadithi za mauaji. Kwa hiyo sumu kali ilikuwa inakaa madebe kwa madebe karibu na makazi ya watu, na ilibidi mtu awe na jukumu juu yake.

Hapa kwetu Kwale shida kubwa ilikuwa na bado ni mbung'o. Anayeishi kando ya msitu wa Shimba Hills anamjua. Mbung'o huleta nagana, ambayo humkondesha ng'ombe hadi anaonekana mbavu. Haimwachi na mbwa: mbwa mwenye nagana huvimba uso, jicho likaingia ukungu wa rangi ya maziwa na samawati, akafa. Zamani walijaribu dawa zenye madini ya antimoni, na wanyama wengine waliuawa na dawa kabla ya ugonjwa. Kuanzia miaka ya 1950 ndipo zikatoka dawa mbili ambazo hadi leo ndizo tegemeo: diminazini, inayojulikana na wengi kwa jina la Berenil, na isometamidiamu, ile ya Samorin.

Nataka tukae hapa kwenye diminazini, kwa sababu ndani yake mna sababu nzima ya sheria. Pakiti ya kawaida ya unga wake imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300 hivi. Mbwa wetu wa shamba, yule anayefukuza nyani na nguruwe mwitu kwenye mahindi, anafika kilo 15 akishiba. Maana yake anastahili sehemu moja ya ishirini ya pakiti. Nani ataigawa? Kwa kijiko gani? Ukizidisha, dawa hii huharibu ubongo wa mbwa: anapepesuka, anatetemeka, anakufa siku chache baadaye, na wewe ukadhani ni nagana ndiyo iliyomuua. Ukipunguza, vijidudu vya nagana havifi vyote, na vinavyobaki ni vile vilivyoizoea dawa. Mbung'o akavichukua na kumpelekea ng'ombe wa jirani yako. Kwa hiyo mnyama mdogo anapotibiwa kwa dawa iliyotengenezewa mnyama mkubwa, lazima awepo mtu aliyesomea kupima, kuchanganya na kuandika. Mtu huyo ni daktari wa mifugo.

Sheria yetu ililiona jambo hili mapema. Mwaka 1953 ilikuja Sheria ya Madaktari wa Mifugo, Sura ya 366, iliyosema nani anastahili kuitwa daktari wa mifugo na akaandikwa kwenye daftari. Halafu mwaka 1957 ikaanza kazi Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244. Usishangae kwamba dawa na sumu zimetiwa kwenye jina moja. Waliotunga walijua kwamba tofauti yake mara nyingi ni kipimo tu.

Hiyo Sura ya 244 ni ndefu, nami si wakili, lakini kuna mambo yake machache ambayo kila mfugaji anapaswa kuyajua. Inamruhusu daktari wa mifugo kuwa na dawa zilizo kwenye orodha ya sumu na kuzitoa, mradi ni kwa matibabu ya wanyama. Akiandika cheti cha dawa, kitiwe sahihi na tarehe, kiwe na anwani yake, na jina la mtu atakayepokea dawa. Na juu yake yaandikwe maneno ya kueleza kwamba ni kwa matibabu ya mnyama tu. Naipenda hiyo ya mwisho. Ng'ombe hawezi kusoma, lakini mtoto wako anaweza, na jirani anaweza, na muuguzi aliye zamu anaweza. Tena sheria inataka sumu iuzwe ndani ya chombo kilichoandikwa ni nini. Ile chupa ya soda ya machungwa ilikuwa inavunja sheria yenye umri mkubwa kuliko mimi.

Swali lako najua ni hili: kama sheria ipo tangu 1957, chupa ya soda ilitoka wapi?

Kwa miaka mingi haikuhitajika. Baada ya uhuru, dawa za mifugo zilipitia kwa serikali. Mwaka 1962 chuo kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa Royal College, kilianza kitivo cha kufundisha madaktari wa mifugo, na waliohitimu waliajiriwa na serikali moja kwa moja. Kijijini alikuja msaidizi wa afya ya mifugo na pikipiki yake, akachoma sindano, akaondoka na chupa yake. Wazee wa Kinango na Lunga Lunga wanaukumbuka wakati huo, nao hupenda kuusifu kupita kiasi, maana pikipiki nayo ilikuwa haina mafuta mara nyingi. Lakini chupa haikubaki nyumbani kwa mtu, hilo ni kweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji wa nje, iliacha kuajiri kila daktari wa mifugo aliyehitimu, na huduma zikaanza kuachiwa watu binafsi. Ndipo yalipozaliwa maduka ya dawa za mifugo, tunayoyaita agroveti. Mimi siyalaumu maduka. Bila hayo, mfugaji wa Mwereni angemsubiri nani? Ila sheria ya 1957 ilimfikiria daktari aliyekaa na mizani na daftari. Haikumfikiria kijana wa dukani, amemaliza shule juzi, anauza mbegu za mahindi, misumari na dawa za sindano juu ya kaunta moja. Mteja hana pesa ya chupa nzima ya lita moja, anataka ya shilingi hamsini. Kijana anamimina. Chombo kilicho karibu ni chupa ya soda.

Kwa upande wa pwani, huko Diani na Ukunda, kulikuwa na jambo jingine. Wageni waliojenga majumba ya ufukweni walikuja na mbwa na paka wa kufugwa ndani, wenye majina ya Kizungu na vitanda vyao. Wako mbwa wa jamii ya koli, wale wa manyoya marefu wa kuchunga kondoo, ambao wengi wao hawastahimili dawa ya ivamektini kwa kipimo kikubwa. Inaingia kwenye ubongo wao. Mchunga bustani akisikia mbwa ana ukurutu, anamnunulia ile ya ng'ombe, kwa nia njema kabisa. Na paka! Paka mwenye homa anapewa nusu ya Panado kwa sababu mtoto hupewa nusu. Msikilizaji, ini la paka haliwezi kuivunja Panado. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Hata ukikiponda na kukitia kwenye asali. Tena dawa za maji zisizo na sukari za watu, nyingine zina utamu unaoitwa zailitoli, ambao kwa mbwa ni sumu.

Usidhani ni sisi tu. Marekani, nchi yenye maduka ya dawa kila kona, mwaka 1937 dawa moja ya maji iliyochanganywa na kimiminika kisichofaa iliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto, na mwaka uliofuata sheria yao ya dawa ikaandikwa upya. Mwaka 1994 bunge lao lilipitisha sheria ya kumruhusu daktari wa mifugo kutumia dawa za watu kwa wanyama, lakini kwa sharti kwamba amemwona mnyama na anamjua mwenyewe. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 2009 huko Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa karibu wakati mmoja. Walikuwa wamechomwa dawa ya kuwatia nguvu iliyochanganywa na duka la dawa kwa maagizo maalum ya timu yao, na madini ya seleniamu yalikuwa yamezidishwa. Kosa la hesabu. Farasi wa mamilioni ya pesa, wana madaktari wao, na bado. Mwaka 2022 idara yao ya dawa ilitoa mwongozo mpya kuhusu dawa za kuchanganyiwa wanyama. Kwa hiyo hata wenzetu bado wanatafuta njia.

Turudi kwetu. Katiba ya mwaka 2010 ilifanya jambo ambalo wengi hawajaliona. Nenda kwenye Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Huduma za mifugo zimetajwa ndani ya kifungu cha huduma za afya za kaunti, pamoja na zahanati na magari ya wagonjwa, isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe ambao umebaki kwa serikali ya taifa. Yaani waliotunga katiba waliweka mnyama na mtu mlango mmoja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, maana katika kazi yangu nimewahi kukaa na daktari wa mifugo mkutanoni mara moja tu kwa mwaka, tena siku ya kichaa cha mbwa.

Halafu mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria Namba 29, ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao, iliyoifuta ile ya 1953. Hii ndiyo iliyomtambua yule msaidizi wa pikipiki: naye sasa husajiliwa, ana namba yake, na anaweza kuulizwa. Chini ya sheria hiyo, mwaka 2015 zilitoka kanuni zilizounda Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, ya kusajili dawa hizo na kutoa leseni kwa wanaozitengeneza, wanaozileta na wanaoziuza. Wafamasia hawakufurahi, maana tangu 1957 dawa zote, za watu na za wanyama, zilikuwa chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mvutano ukawa mkubwa. Mimi nina marafiki pande zote mbili, na maoni yangu ni haya: daktari wa mifugo ndiye anayemjua mnyama, na mfamasia ndiye anayeijua dawa, na wakigombana, atakayefaidika ni mwenye duka asiye na leseni ya yeyote kati yao.

Kuna sababu nyingine ya sisi watu wa afya kuingilia. Ukimchoma mbuzi oksitetrasaiklini leo na kumchinja kesho, unaila dawa hiyo. Kila dawa ya sindano ina siku zake za kungojea kabla ya nyama au maziwa kutumiwa, na siku hizo zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Ukinunua ya kumiminiwa, karatasi hubaki dukani. Vijidudu vikizoea dawa ndani ya mnyama vinaweza kuja kwetu, na ndiyo maana mwaka 2017 Kenya ilitoa sera ya taifa ya kupambana na usugu wa dawa iliyowahusisha wa wizara ya afya na wa mifugo pamoja.

Sasa yale unayoweza kufanya wewe, bila kungoja bodi. Ukienda dukani, uliza anayekuuzia amesajiliwa na nani, na cheti kiko wapi. Kinapaswa kuwa ukutani. Mwambie dawa ni ya mnyama gani, umri wake, na uzito wake kama unaujua. Mbwa unaweza kumpima: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Ukipewa dawa iliyogawanywa au iliyochanganywa, usitoke mlangoni kabla haijaandikwa jina la dawa, kipimo, jina la mnyama au mwenyewe, tarehe, na jina la aliyeitoa. Kalamu ni bei nafuu. Na ukatae chupa ya soda, au ya maji, au ya dawa ya kikohozi. Mwambie muuguzi amenikataza, unitwishe mimi lawama.

Kama mtu ameinywa, usimtapishe. Dawa nyingi za kupe zimeyeyushwa kwenye mafuta, na akitapika huingia kwenye mapafu. Usimpe maziwa wala mafuta ya nazi, najua ndiyo dawa ya nyumbani kwetu. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa sabuni, mlaze kwa ubavu, mlete haraka, na uje na chombo, kwa vyovyote kilivyo.

Bibi yule alikuja na chombo, na ndicho kilichosaidia, ingawa kwa kuchelewa. Jioni ile baba wa mtoto alikwenda hadi dukani, akamwomba muuzaji amwonyeshe debe kubwa alikomimina. Akaliandika jina lake kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya wino na kuja nalo hospitali: amitrazi. Mtoto aliamka asubuhi ya pili, akaomba uji. Siku hizi yuko shule.

Msikilizaji, juma lijalo tutaongea na daktari wa mifugo mwenyewe juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa nini jeraha la mbwa huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kabla ya kuja kwetu. Andaeni maswali yenu. Hadi wakati huo, kwaherini.